Trei za mayai, sabufa na kuta za tofali: yanayoaminika kuhusu sauti ya chumbani

Vyumba vingi vya kusikilizia muziki Tabora, iwe Cheyo, Isevya au Ipuli, vinafanana: futi 12 kwa 12, kuta za tofali zilizopigwa plasta, marumaru sakafuni, dirisha la aluminiamu, dari ya jipsamu chini ya bati. Simama katikati kikiwa kitupu upige kofi moja. Utasikia mlio mkali unaorukaruka kati ya kuta kama waya uliogongwa. Mlio huo unajipaka juu ya kila wimbo utakaoucheza humo, hata spika ziwe za bei gani. Watu wanajua kuna tatizo. Dawa wanazopeana ndizo zenye kasoro.

“Bandika trei za mayai ukutani, mwangwi utakwisha”

Trei ni karatasi nyembamba. Wimbi la sauti la Hz 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa takriban sm 35, na la Hz 100 linafika mita 3 na nusu. Karatasi ya milimita chache hailigusi wimbi la namna hiyo. Inachopunguza kidogo ni sauti za juu kabisa, zile za “s” na za upatu, kwa hiyo muziki unafifia juu huku ngurumo ya chini ikibaki kama ilivyokuwa. Sponji ya sm 2 au 3 iliyochongwa vipembe ina ugonjwa uleule. Na kwa Tabora kuna la ziada: trei ni chakula cha mchwa, tena inashika moto upesi.

Kinachomeza sauti ni unene wa nyuzi ambazo hewa inaweza kupenya. Hewa inaposuguana na nyuzi, nguvu ya sauti inageuka kuwa joto kidogo. Paneli nzuri ya kutengeneza nyumbani ina urefu wa sm 120, upana sm 60 na unene sm 10. Ubao mmoja wa inchi 1 kwa 4 wenye urefu wa futi 12 unatosha fremu moja: kata vipande viwili vya sm 120 na viwili vya sm 55, funga kila kona kwa skrubu mbili. Ndani weka Rockwool (sufu ya mawe) yenye uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 2.5 hadi karibu 4 kwa paneli moja. Vaa glovu na barakoa unapoikata. Ukiikosa, pamba iliyochambuliwa ya Igunga au Nzega inafanya kazi, ila ina tabia ya kushuka. Ukiijaza kama mto, baada ya miezi michache nusu ya juu inakuwa tupu. Ishone kama godoro, mshono kila sm 20, au pitisha kamba za kukingama ndani ya fremu.

Kitambaa cha juu kipime kwa mdomo: kiweke midomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita. Jafafa jipya, kile kitambaa cha gunia cha kufungia tumbaku, linafaa sana, na huku halihitaji kutafutwa mbali. Kipande cha mita 1.5 kwa sm 90 kinafunika uso na mbavu na kubakiza pindo la kugongea pini kwa nyuma. Kiroba cha plastiki na ngozi bandia ya makochi havipitishi pumzi. Ukivitumia umejenga ukuta mwingine juu ya ukuta. Tundika paneli ikiwa na mwanya wa sm 5 hadi 10 nyuma yake, maana mwanya huo unaisaidia kushika sauti za chini zaidi bila gharama yoyote. Usiisimamishe sakafuni, mchwa na panya watakushukuru. Iwe mbali na soketi na mahali pa kuwashia mshumaa, kwani pamba inawaka.

“Nikiweka paneli, jirani hatasikia tena”

Atasikia. Paneli inapunguza sauti inayorudi ndani ya chumba. Kuzuia isitoke ni kazi ya uzito na kuziba mianya. Tofali lina uzito wa kutosha, lakini sauti inatoka chini ya mlango na pembeni mwa dirisha. Katika nyumba nyingi za kupanga ukuta wa kati unaishia kwenye dari, haufiki kwenye bati. Muziki unapanda, unavuka juu ya jipsamu na kushukia chumba cha pili. Hapo dawa ni fundi kuinua tofali hadi kwenye paa.

“Funika kuta zote, ndivyo studio zilivyo”

Hesabu ya jambo hili ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki vizuri. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaiongeza kidogo kidogo huku akipima muda ambao sauti inachukua kufa. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo ni rahisi: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa eneo linalomeza sauti.

Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye kimo cha futi 10 kina mita za ujazo 41 hivi. Ikiwa makochi na pazia vimeshaufikisha mwangwi kwenye sekunde 0.8, kuushusha hadi 0.4 kunahitaji kama mita 8 za mraba za nyongeza. Hizo ni paneli 11 za saizi tuliyotaja, wakati kuta nne zina mita za mraba karibu 45. Kwa hiyo hata kazi kamili haifiki robo ya kuta. Anza na sita. Mbili ziende ukutani kushoto na kulia pale sauti inapogonga kwanza: kaa kwenye kiti chako, mwenzako ateleze kioo ukutani, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo paneli inapokaa. Mbili zikingame kwenye kona nyuma ya spika, mbili nyuma ya kichwa chako. Ukizidisha nyembamba, chumba kinakuwa kizito juu na bado kinanguruma chini, na watu wanaongea humo kama wamefunikwa blanketi.

“Besi haisikiki, basi pandisha besi au nunua sabufa kubwa”

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. Besi inayotoka nyuma ya spika inagonga ukuta na kurudi. Uso wa spika ukiwa sm 80 kutoka ukutani, wimbi la karibu Hz 109 linarudi likiwa kinyume kabisa na lile linalotoka, na mawili hayo yanauana. Ukipandisha Hz 109 kwa ikwalaiza (kifaa au programu ya kupandisha na kushusha sauti za masafa fulani), umepandisha yote mawili, na yanaendelea kuuana. Umeipa kazi amplifaya tu: kuongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kuitaka itoe nguvu mara kumi, wati 20 ziwe 200. Sabufa ya kawaida ya dukani itakoroma kabla ya hapo.

Dawa ni futi kamba. Sogeza uso wa spika hadi sm 30 kutoka ukutani. Shimo hilo la sauti zinazouana linapanda hadi Hz 290 hivi, na huko paneli ya sm 10 iliyowekwa nyuma ya spika ina uwezo wa kulishughulikia. Besi itazidi kwa kuwa ukuta uko karibu, na hiyo ni heri, kwa sababu kupunguza kwa ikwalaiza hakuigharimu amplifaya kitu.

Halafu kuna ngurumo ya chumba chenyewe. Chumba cha mraba wa futi 12, katika joto la Tabora, kinavuma karibu Hz 48 kwa urefu na Hz 48 hizohizo kwa upana. Milio miwili inapandana, noti moja ya gitaa la besi inalipuka na nyingine zinapotea. Kochi likigusa ukuta wa nyuma unapata mlipuko wote. Likiwa katikati kabisa unapata upungufu. Jaribu kwanza kukaa asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kwa chumba hiki mita 1.4, au umbali huohuo kutoka ukuta wa nyuma ikiwa mbele pamebana. Mlango ukiwa wazi au umefungwa besi inabadilika, kwa hiyo pima kama unavyosikiliza.

“Ikwalaiza ya vitufe kumi inatosha”

Kitufe cha Hz 63 kinashika oktavu nzima, yaani masafa kuanzia namba fulani hadi mara mbili yake. Ukikishusha kuua ngurumo ya Hz 48 unashusha na ngoma iliyokuwa haina kosa. Unahitaji ile inayokuruhusu kuchagua masafa, kiasi na upana. Equalizer APO kwenye kompyuta ya Windows inafanya hivyo bure, na Room EQ Wizard, nayo bure, inapima. Maikrofoni za simu nyingi zimekatwa besi kwa makusudi ili zisinase upepo, kwa hiyo mchoro zinaokupa kwa Hz 40 ni wa kubuni. Maikrofoni ya USB yenye faili lake la urekebishaji, mfano UMIK-1, ndiyo ya kuazimana watu watano.

Pima sehemu tano kuzunguka kichwa, umbali wa sm 30 hivi, chukua wastani. Gusa chini ya Hz 250 tu. Vilima vya kwenye mchoro vishushe, desibeli 6 hadi 10 vikihitaji, mashimo yaache. Juu ya hapo mchoro unabadilika ukisogeza kichwa kidogo, na mwangwi haupunguzwi na ikwalaiza yoyote. Ndiyo maana mpangilio ni spika na kiti, kisha paneli, ikwalaiza mwisho. Na ukihamisha kabati au kuongeza godoro, rudia vipimo.

“Na kelele ya mvua juu ya bati?”

Paneli za ukutani hazihusiki nayo. Subiri ipite.