Tundu Wazi la Splita Laharibu Picha ya Jirani

Tangu masika yaishe, malalamiko yanayofika kitengo chetu cha ufundi wa kebo hapa Tanga yamekuwa ya namna moja. Picha inaganda, intaneti ya kebo inakatika jioni, mteja ameshabadilisha king'amuzi na hali ni ileile. Ni Ngamiani, Chumbageni, hadi Raskazone. Fundi akifika hukuta king'amuzi kizima. Tatizo liko darini, kwenye splita, kile kigawanyio cha kebo moja kwenda vyumba kadhaa, ya matundu manne ambayo mawili yana waya na mawili yako wazi. Ndiyo sababu tunaanza ukaguzi wa nyumba kwa nyumba.

"Tundu halina waya, litadhuru nini?" Swali hili tunaulizwa kila siku. Wapo pia wanaoliziba kwa nailoni na gundi, wakiamini mawimbi yanavuja kama maji ya bomba. Dhana hiyo ya bomba naomba tuiache, maana ndiyo inayozaa makosa mengine yote. Wimbi likifika mwisho wa njia na kukosa cha kulipokea, hurudi lilikotoka. Simama Raskazone maji yamejaa uangalie: wimbi likigonga ukuta linarudi na kugongana na linalofuata, likipanda mchanga wenye mteremko linafia hapohapo. Tamineta, kizibo kidogo kinachofungwa kwenye tundu lisilo na waya, ndiyo ule mchanga. Ndani yake mna rezista, kipande cha kukinza umeme, ya omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani) kati ya pini na ganda, na nguvu ya wimbi huishia humo kama joto dogo usiloweza kulihisi kwa mkono.

Enzi za analojia, mwangwi huu ulionekana wazi, kama kivuli pembeni ya mtu kwenye skrini. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nasi Tanga tukafuata, na kivuli kikaondoka. Dijitali huvumilia kimyakimya, kisha picha inaganda ghafla. Basi king'amuzi kinabeba lawama isiyo yake.

Kwenye intaneti ya kebo jambo ni zito zaidi. Data inayotoka nyumbani kuja kwetu hupita masafa ya chini, kuanzia megahezi 5 hadi 42 au 65 kulingana na mfumo. Humo ndimo kelele za umeme za mota na chaja mbovu hupenyea, kupitia tundu lililo wazi au konekta iliyolegea, na kelele za nyumba zote za mtaa hujumlishana kwenye njia moja. Nyumba moja inaweza kuangusha intaneti ya majirani huku mwenyewe anatazama mpira bila shida. Mawimbi ya kebo nayo yakivuja kwenda nje yanaweza kuingilia mawasiliano ya ndege, megahezi 108 hadi 137. Hilo hatulifumbii macho.

Sasa kununua tamineta. Televisheni, dishi na intaneti ya kebo ni omu 75. Redio za VHF za kwenye boti ni omu 50. Tamineta ya 50 kwenye kebo ya 75 hurudisha asilimia 4 ya nguvu. Ni nafuu kuliko tundu wazi linalorudisha karibu yote, lakini ya nini kununua kosa? Nyingi za 50 zilizozagaa ni masalia ya mitandao ya kompyuta ya zamani iliyotumia waya wa RG-58. Zilifaa huko, moja kila mwisho wa waya, na ikitolewa moja tu ofisi nzima ilikosa mtandao.

Kofia ya kuzuia vumbi si tamineta, hata iking'aa vipi. Pima kwa mita ya fundi, ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye ganda: isome karibu na 75. Isiposoma kitu, ni kofia tupu, au ni tamineta yenye kapasita, kipande cha kuzuia umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), ambayo mita huisoma vilevile. Kwa hiyo yasome na maandishi yaliyo juu yake. Na tafadhali, msipime kebo yenyewe kwa mita mkaja kaunta kubishana kwamba haina omu 75. Namba ile inahusu mwenendo wa mawimbi ndani ya kebo. Mita ya kawaida haiioni.

Wenye gesti zenye dishi moja na vyumba vingi wawe waangalifu zaidi. Kebo ya dishi hubeba volti 13 au 18 za DC kwenda kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi. Tamineta ya kawaida ikikutana na volti 18 inabebeshwa zaidi ya wati 4, wakati imetengenezwa kwa robo au nusu wati. Itaungua. Hapo ni lazima ile ya kuzuia DC.

Kwa tundu lililo nje, chagua yenye mpira wa kuzuia maji. Upepo wa kusi na chumvi yake hula nyuzi za konekta.

Utaratibu wa ukaguzi ni huu. Fundi ataonyesha kitambulisho kabla ya kuingia, asipoonyesha, msimfungulie. Atapima kwanza kwenye sanduku la nguzoni, kisha ndani. Hitilafu ya hadi nguzoni ni gharama yetu, ya ndani ni ya mteja. Nyumba ikikutwa inaingiza kelele, waya utachomolewa nguzoni na karatasi ya maelezo itaachwa. Mteja akisharekebisha atupigie, tutapima upya na kuunganisha bila malipo. Kosa likirudiwa, atalipia kuunganishwa. Likirudiwa mara ya tatu, mkataba unaweza kusitishwa kwa masharti yaliyomo. Kufungua sanduku la nguzoni bila ruhusa ni kuvunja mkataba hata kwa mara ya kwanza, na fundi wa mtaani aliyetumwa hamwondolei mteja dhamana.

Asiyeridhika na uamuzi wetu ana haki ya kwenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Aanze kwetu kwa maandishi, na namba ya lalamiko atakayopewa aitunze.