囧 sio emoji, ni dirisha

Wengi wanaamini hii herufi ya Kichina, 囧, ilibuniwa na vijana wa intaneti kuchora uso wenye huzuni, na kweli ukiitazama unaona nyusi zimeinama na mdomo umeachama, ila hapana, ni ya kale sana. Kwenye mifupa ya kutabiria ya enzi za Shang, ufalme wa kale wa China, ilichorwa kama duara lenye mistari ndani, na msomi wa Kichina Xu Shen kwenye kamusi yake ya mwaka 100 BK hivi anaieleza kuwa dirisha lenye mwanga. Yaani hizo "nyusi" ni fito za dirisha tu. Mi kinachonigusa zaidi ni neno la "angavu", leo linaandikwa 明, jua na mwezi, lakini umbo lake jingine la zamani ni 朙, dirisha kushoto mwezi kulia, mbalamwezi inaingia ndani, aisee inapendeza. Inatamkwa jiǒng, sauti inashuka chini kisha inapanda kidogo, sawasawa kabisa na 窘, ambayo ndo inamaanisha kubanwa au kuaibika. Kwa hiyo ilipovuma mtandaoni mwaka 2008 hivi kwa maana ya "nimeumbuka", sura na sauti vyote vilisaidia.