Johnny Clegg na muziki wa Kizulu: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi humwita Johnny Clegg mzungu aliyevumbua muziki wa kuchanganya Kizulu na roki. Sifa hiyo inawafuta waliomfundisha. Alizaliwa Uingereza mwaka 1953, akakulia Johannesburg, Afrika Kusini, na gitaa la Kizulu alifundishwa akiwa kijana na Charlie Mzila, mfanyakazi wa usafi kwenye majengo ya mjini. Mtindo wenyewe ni maskandi: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kama besi, huku kidole cha shahada kikidonoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Kisha akaja Sipho Mchunu, mtunza bustani aliyesikia habari za kijana mzungu anayepiga gitaa hilo, akamfuata ili wapimane. Bendi yao, Juluka, ilikuwa ya wawili hao kwa haki sawa. Mchunu alitunga, akaimba, akapiga gitaa. Kumwita msindikizaji ni dhuluma. Mwaka 1985 alirudi kwao Natal kufuga ng'ombe, na Clegg akaanzisha bendi nyingine, Savuka.

Wapo wanaodhani maskandi ni ya tangu enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu. Nyimbo za sifa na ngoma ni za zamani kweli, lakini gitaa na konsatina (kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kubana) vilinunuliwa madukani na vibarua waliohamia mijini. Kwa hiyo waliompa Clegg muziki huo walikuwa tayari wanachanganya.

Husemwa pia kwamba rangi yake ilimkinga. Ilimpunguzia mengi, ndiyo, ila alikamatwa tangu akiwa kijana kwa kuingia hosteli za wafanyakazi Waafrika bila kibali. Juluka walipiga makanisani, vyuoni na majumbani kwa sababu sheria za ubaguzi zilibana maonyesho ya watu wa rangi mchanganyiko, na redio ya taifa, iliyotenga stesheni kwa lugha, haikutaka nyimbo zenye Kizulu na Kiingereza pamoja.

Linaloniuma zaidi ni wimbo wa Clegg, Asimbonanga (yaani “hatujamwona”), kuchukuliwa kama wimbo wa kusherehekea kutoka kwa Mandela gerezani, pengine kwa sababu ya video ya mwaka 1999, Mandela alipopanda jukwaani Frankfurt akicheza. Wimbo ulitoka 1987, yeye akiwa bado kifungoni. Ni maombolezo. Unawataja kwa majina wanaharakati Steve Biko na Neil Aggett, waliofia mikononi mwa polisi, na Victoria Mxenge, wakili aliyeuawa nyumbani kwake mwaka 1985.