Tomati haiivi kwa jua, acheni majani

Jumatatu asubuhi nimeletewa picha kwenye simu. Mama mmoja wa Ndosho, hapa Goma, amesimama katikati ya tomati zake, anacheka, na nyuma yake miche imebaki fimbo: maua juu, vitomati vya ukubwa wa kidole gumba, majani matatu manne kileleni. Pembeni kuna lundo la majani linalofika magotini. Mabichi, mazima kabisa. Chini ya picha ameandika: "Papa Agronomu, nimezifungulia jua."

Huyu ni wa tano msimu huu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nendeni soko la Birere mapema, mwangalie vitunga vinavyoshushwa. Tomati za Rutshuru zinachumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi, zinafunikwa, zinatikiswa njia nzima, na mezani kwa muuzaji zinakuwa nyekundu. Ndani ya kitunga kulikuwa na jua gani? Tomati inaiva kwa umri wake na kwa joto. Jua kali likiipiga moja kwa moja, ganda linababuka, linatoka baka jeupe, halafu linakuwa jembamba kama karatasi, na hiyo hainunuliwi. Anayehitaji jua ni jani. Jani ndilo linalopika sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokwenda kwenye tunda. Kunyonyoa mmea wakati wa maua ni kuondoa mbabula, jiko la makaa, na huku maji ya bugali hayajachemka.

Mazoea haya najua yanatoka wapi: sombe. Tumekua tukiona majani ya muhogo yanachumwa na muhogo unachipua tena, tukadhani kila mmea una moyo huo. Hata muhogo wenyewe hausamehi. Ule unaochumwa kila mara mizizi yake inabaki myembamba, ila kwa kuwa iko ardhini hatuioni mpaka siku ya kung'oa.

Sisemi msiguse kitu. Majani yaliyo chini ya kichala cha kwanza, hasa yanayogusa udongo, yatoeni, maana mvua inarusha matope juu yake na ugonjwa unapandia hapo. Jani lenye mildiu, ule ukungu unaounguza majani, litoke shambani siku hiyohiyo. Machipukizi ya kwapani yavunjwe yakiwa na urefu wa kidole, kwa tomati ndefu za kufunga kwenye mti. Fupi ziacheni zilivyo. Fanyeni kazi hiyo umande ukishakauka, kwa vidole. Kisu kilichopita kwenye mche mgonjwa kinabeba ugonjwa mpaka mwisho wa mstari.

Lakini jani lililo jirani na kichala? Hilo ndilo jiko la kichala hicho. Msiniambie kitabu kimesema mtoe majani mawili matatu kila wiki. Hesabu hizo ni za nyumba za vioo za Ulaya, ambako mmea unapanda mita nyingi kwenye kamba na majani yanatolewa chini, pale ambapo matunda yameshavunwa. Sisi tunavua mmea nguo kabla haujazaa! Nakiri kwamba mvua zikizidi nami hukata jani moja moja katikati ili hewa ipite. Mildiu ikitulia, sina uhakika kama ni kwa sababu ya jani lile au ya wiki kavu iliyofuata.

Sasa mbolea ya urea. Jani la chini likigeuka njano wakati wa maua, watu wanakimbilia mfuko. Mmea unaoanza kubeba unahamisha azoti (nitrojeni) kutoka majani mazee kwenda juu, kwa hiyo njano kidogo chini ni jambo la kawaida. Urea ni azoti asilimia 46. Ukiimwaga wakati huu utapata shamba zuri la kupigia picha, na maua yatapukutika. Maua yakitoka, tomati inataka potasiamu zaidi. Majivu ya kuni yanayo, pamoja na kalsiamu: kiganja kimoja kwa mche kinatosha. Usiyachanganye na urea, azoti itakutoka kama hewa na pua yako itakuwa shahidi. Njano ikikaa katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe ikabaki kijani, hapo inakosekana magnesi (magnesiamu), na potasiamu nyingi inaweza kuwa ndiyo inayoizuia. Niliwahi kumwambia mzee mmoja aongeze majivu kwenye njano ya namna hiyo. Ikazidi. Mpaka leo tukikutana ananiuliza habari za majivu.

"Lakini udongo wetu ni wa volkano, una kila kitu." Mawe ya Nyiragongo kweli yana potasiamu na kalsiamu nyingi, ila azoti haitoki kwenye mwamba, na lava ya 2002 bado ni mawe. Juu yake tunalima kwenye udongo ulioletwa kwa kubebwa, kina cha kiganja, na maji yanapita kama kwenye kichujio. Ndiyo maana vitako vya tomati vinaoza vikawa vyeusi. Kalsiamu inasafiri na maji. Ukimwagilia bidoni (dumu) zima Jumatatu kisha ukasahau mpaka Ijumaa, tunda linakosa hata kama ardhi inayo. Na ile dawa ya kalsiamu ya kunyunyizia majani ni kupoteza hela bure, kwa sababu kalsiamu ikishaingia kwenye jani haitoki kwenda kwenye tunda. Tandazeni nyasi, mmwagilie kidogo kidogo kila siku.

Mama wa Ndosho nimemwambia afunike vitomati kwa majani ya migomba upande wa jua la alasiri, na kila mche aachiwe machipukizi mawili yakue, yawe majani mapya. Amekubali yote. Kisha ameuliza kama aweke urea kidogo, ili yatoke haraka.