Ufadhili uliofichwa katika mijadala ya mazingira: maana yake na unavyofanya kazi

Kuna kifungu kimoja cha mkataba kinachoeleza dhana hii vizuri kuliko kamusi. Kilikuwa ndani ya makubaliano ya mwaka 2008 kati ya Southern Company, kampuni kubwa ya umeme ya Marekani iliyokuwa ikichoma makaa ya mawe kwa wingi, na taasisi ya utafiti na makumbusho ya Smithsonian. Kampuni ilikuwa ikigharamia utafiti wa Willie Soon, mtafiti wa kituo cha elimu ya anga ambacho Smithsonian inakiendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard. Kifungu kilisema taasisi haitaitaja kampuni katika chapisho lolote bila idhini yake ya maandishi. Tena kampuni ingepelekewa makala kabla hazijachapwa, ili itoe maoni yake.

Muumini akitoa sadaka na kuomba asitajwe, tunamwelewa. Kampuni ya biashara ni kitu kingine. Kampuni hupenda kuonekana, hadi hubandika nembo yake kwenye jezi za timu za mtaani. Ikitoa mamia ya maelfu ya dola kisha ikadai jina lake lisionekane popote, basi faida yake imo katika kutoonekana huko.

Ufadhili uliofichwa ni pale ambapo mtu au kikundi kinachosema hadharani kuhusu mazingira, iwe ni hewa, maji, dawa za kilimo au tabianchi, kinapata fedha au msaada mwingine kutoka kwa wenye biashara inayoguswa na mjadala huo, na wasikilizaji hawaambiwi. Wanasheria na wahariri huuweka katika fungu la mgongano wa maslahi. Lakini mgongano wa maslahi peke yake si kosa. Profesa anaweza kufadhiliwa na kiwanda cha saruji, akaliandika jambo hilo wazi mwishoni mwa makala yake, na msomaji akaipima kazi huku akijua. Kinachobadilisha mambo ni ukimya.

Kwa hiyo msemaji wa kampuni hayumo. Kazi yake ni kuitetea kampuni, na jina lake linatangazwa pamoja na cheo chake. Hata chawa tuliowazoea kwenye siasa na muziki hawamo, kwa sababu kila mtu anajua chawa yupo mwilini mwa nani. Anaposifu, tunacheka na kuendelea na shughuli zetu. Anayezungumziwa hapa ni yule anayeletwa kwetu kama mtu asiye na upande: mwanasayansi, mwandishi wa safu, mkongwe wa harakati, mkazi wa kawaida aliyekerwa.

Mkasa wa Soon ulifumuka Februari 2015, gazeti la New York Times lilipoandika habari iliyotokana na nyaraka ambazo wanaharakati wa mazingira wa Greenpeace walizipata kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa. Zilionyesha kwamba katika muda wa miaka kama kumi, zaidi ya dola milioni 1.2 ziliingia kwa ajili ya kazi zake kutoka kwa kampuni za nishati na washirika wao. Southern Company peke yake ilitoa zaidi ya dola 400,000. Wengine ni ExxonMobil, American Petroleum Institute, ambacho ni chama cha kampuni za mafuta, na mfuko wa hisani wa bilionea Charles Koch. Makala zisizopungua 11 alizochapisha tangu 2008 hazikutaja fedha hizo.

Cha kuangalia zaidi ni jinsi alivyokuwa akiwaandikia wafadhili wake. Kwenye ripoti kwao, makala za kisayansi, na hata ushahidi alioutayarisha kwa ajili ya Bunge la Marekani, vilihesabiwa kama kazi zilizokabidhiwa kwa malipo, vile fundi seremala anavyomworodheshea mteja milango na madirisha. Hadharani, kazi hizohizo zilisomwa kama maoni ya mtafiti huru kutoka kituo chenye jina la Harvard. Harvard yenyewe haikuwa mwajiri wake. Alikuwa mtumishi wa muda wa Smithsonian, mwenye shahada ya uzamivu katika uhandisi wa anga, aliyetakiwa kujitafutia fedha za utafiti pamoja na mshahara wake mwenyewe. Kituo nacho kilikata fungu lake kwenye kila ruzuku, jambo ambalo kwa maoni yangu halikuzungumzwa vya kutosha. Mkuu wa kituo alikiri baadaye kwamba kile kifungu cha kutotaja jina kilikuwa kosa.

Soon alijibu kwamba fedha hazijawahi kuwa kichocheo cha utafiti wake. Inawezekana kabisa. Hoja yake kwamba mabadiliko ya jua ndiyo yanayoeleza sehemu kubwa ya ongezeko la joto duniani, ambayo wanasayansi wengi wa tabianchi wameikataa, huenda aliiamini kwa dhati. Watu wengi hudhani ufadhili wa aina hii ni bahasha inayomfanya mtu aseme asichokiamini. Mara nyingi haiko hivyo. Kampuni haina haja ya kumgeuza mtu. Inatafuta anayeamini tayari, inampa fedha za kuendelea, tiketi za mikutano na watu wa kumtafutia nafasi magazetini, na sauti iliyokuwa ya watu watatu inasikika kama nusu ya wanasayansi wote.

Mpango wa namna hiyo uliwahi kuandikwa kwa wino. Mwaka 1998 kikundi kilichokutana chini ya American Petroleum Institute, chenye watu kutoka Exxon, Chevron na hiyohiyo Southern Company, kiliandaa waraka wa mkakati ambao ulivuja mwezi Aprili. Waraka ulisema ushindi utakuwa umepatikana siku wananchi wa kawaida watakapoelewa kwamba sayansi ya tabianchi ina mashaka. Njia mojawapo ilikuwa kuwatafuta na kuwafundisha wanasayansi watano huru wa kuzungumza na vyombo vya habari, na sharti lilikuwa wawe watu ambao hawajaonekana sana katika mjadala huo. Ni tangazo la kazi la ajabu kidogo: uzoefu mdogo ulikuwa sifa.

Fedha nazo hazisafiri kwa njia iliyonyooka. Kampuni ikimlipa mtu moja kwa moja, risiti ipo. Kwa hiyo katikati huwekwa jumuiya yenye jina zuri. Mfano unaojulikana vizuri ulianzia kwenye sigara. Mwaka 1993, baada ya shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira kutangaza kwamba moshi wa sigara ya mwenzako unasababisha saratani ya mapafu, kampuni ya Philip Morris na washauri wake wa APCO walianzisha The Advancement of Sound Science Coalition, kwa jina jumuiya ya kuendeleza sayansi safi. Washauri walipendekeza jumuiya isizungumzie sigara peke yake, iguse pia mambo mengine ya mazingira na afya, ili isinuke tumbaku. Mkurugenzi wake wa baadaye, Steven Milloy, akawa mwandishi wa safu kwenye tovuti ya Fox News, akiwaita wengine wanasayansi wa takataka. Mwaka 2006 ilifichuliwa kwamba alikuwa akilipwa na Philip Morris huku akiandika safu hiyo, na wasomaji hawakuwa wameambiwa.

Wakati mwingine hakuna hata senti inayoonekana. Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glaifoseti, dawa ya kuua magugu inayouzwa kwa jina la Roundup na inayopatikana hata kwenye maduka yetu ya pembejeo, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mara tu baada ya hapo jarida la Forbes likachapisha kwenye tovuti yake makala kali ya kuishambulia IARC, kwa jina la Henry Miller wa taasisi ya Hoover katika Chuo Kikuu cha Stanford. Barua pepe zilizotolewa mahakamani mwaka 2017 zilionyesha ilivyokuwa. Mtu wa Monsanto, watengenezaji wa dawa hiyo, alimuuliza kama angependa kuandika. Miller akajibu kwamba angeandika iwapo angepewa rasimu nzuri ya kuanzia. Rasimu ikaja, na makala ikatoka ikifanana nayo kwa sehemu kubwa. Forbes waliiondoa kwa sababu mwandishi alivunja masharti yao ya kueleza maslahi na kuandika kazi yake mwenyewe. Kumbe hata rasimu ni ufadhili.

Kisha kuna umati. Msomaji aliyewahi kuhudhuria mikutano ya kampeni hapa kwetu, na kuona fulana na posho zinavyogawiwa, hatashangaa na habari za New Orleans, jiji la Marekani. Kampuni ya umeme ya Entergy ilitaka kujenga mtambo wa gesi mashariki mwa jiji. Katika vikao vya baraza la jiji vya Oktoba 2017 na Februari 2018 waliingia watu waliovaa fulana za rangi ya chungwa zenye maneno ya kusifu nishati safi na ajira, wakashangilia kila aliyeunga mkono. Mei 2018 chombo cha habari cha hapohapo, The Lens, kiligundua kwamba kadhaa kati yao walikuwa waigizaji wa kukodi: dola 60 kwa kukaa na kupiga makofi, dola 200 kwa kusimama na kusema. Walikatazwa kumwambia yeyote kwamba wanalipwa. Entergy ilisema kazi hiyo ilifanywa na kampuni iliyopewa kandarasi. Baraza la jiji likaipiga faini ya dola milioni 5, na mtambo ukaachwa uendelee.

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia kwenye makaa, mafuta na sigara. Sierra Club, mojawapo ya vyama vikongwe vya kutetea mazingira Marekani, ilipokea kati ya 2007 na 2010 zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa watu wa Chesapeake Energy, hasa mkuu wake Aubrey McClendon, kwa ajili ya kampeni ya kupinga makaa ya mawe. Chesapeake walikuwa wakichimba gesi, na gesi ndiyo mshindani wa makaa. Katika miaka hiyohiyo uongozi wa chama ulikuwa ukiisifu gesi kama nishati ya kuvukia, yaani ya kutumika kwa muda wakati wa kuhama kutoka makaa kwenda nishati safi. Wanachama wengi hawakujua mpaka jarida la Time lilipoandika Februari 2012, ingawa uongozi mpya ulikuwa umeshazikataa fedha hizo mwaka 2010. Kwangu huu ndio mfano mzuri zaidi wa kumpa mtu anayedhani suala hili ni la wabaya dhidi ya wema. Kupinga makaa kulikuwa na sababu zake nzuri, na bado waliokuwa wakisikiliza walistahili kujua nani analipa.

Wapo wanaosema hoja ipimwe kwa hoja, mambo ya nani kalipa ni kumshambulia mtu. Kwa wanasayansi wenye data mkononi, wako sahihi: hesabu mbovu ni mbovu hata aliyeipiga akiwa malaika. Lakini msikilizaji wa redio anayepanda mboga au kuendesha bodaboda hawezi kuzikagua hesabu za mionzi ya jua wala majaribio ya glaifoseti kwa panya. Anachoweza ni kuamua amwamini nani, na katika uamuzi huo chanzo cha riziki ya anayesema ni ushahidi halali. Kumficha jambo hilo ni kumwachia apime huku jiwe moja la mizani limeondolewa.

Afrika Mashariki soko la sauti za kukodi lipo. Septemba 2021 ripoti ya Mozilla Foundation ilieleza jinsi vijana wa Kenya walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kusukuma heshitegi za kuwashambulia majaji na wanaharakati kwenye Twitter, wakipokea maelekezo kupitia makundi ya WhatsApp. Ile ilikuwa siasa, lakini bomba likishatandazwa linapitisha chochote. Na mijadala mikubwa ya mazingira na kilimo tunayo. Katika ule wa mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, uliopamba moto tangu serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku Oktoba 2022, mashirika mengi ya pande zote mbili yanaendeshwa kwa fedha za wafadhili wa nje. Si dhambi. Mengine huwataja wafadhili wao kwenye tovuti. Ila mgeni akifika studio hutambulishwa kwa shahada yake tu.

Majarida ya kisayansi yana utaratibu: mwishoni mwa makala kuna sehemu ya kutangaza maslahi na wafadhili, na inafaa kuanzia hapo kabla ya muhtasari. Kwa jumuiya zenye majina mazuri, angalia wakurugenzi ni akina nani na waliwahi kufanya kazi wapi. Anwani ya ofisi nayo husema mengi. Vipindi vya redio na runinga havina ukurasa wa mwisho, kwa hiyo kazi inabaki kwa mtangazaji, na inachukua sekunde chache. Mwaka 2010 kwenye CNN, mtangazaji Fareed Zakaria alimuuliza Patrick Michaels, mtaalamu wa tabianchi aliyekuwa akipinga hatua za kupunguza hewa ya ukaa, ni sehemu gani ya kazi yake inayogharamiwa na sekta ya mafuta. Michaels alisita kidogo, akasema hana hakika, labda asilimia 40, na mahojiano yakaendelea.