Gari hili liliunganishwa wapi? Yanayosemwa gereji na ukweli wake

Jumamosi moja kijana alikuja Arusha kutoka Moshi na Subaru Impreza ya milango miwili, bluu, rimu za dhahabu, madigadi yamevimba kama mabega ya mbeba mizigo. Hakuwa na shida ya injini wala breki. Alitaka kitu kimoja tu. "Kaka, naomba uniambie hili gari liliunganishwa wapi." Aliyemuuzia alimwambia ni 22B, toleo maalumu la Impreza, moja kati ya 400, na kwamba iliundwa Uingereza na Prodrive, kampuni ya magari ya mashindano, ndiyo maana bei ilipaa.

Swali hilo naulizwa mara kwa mara hapa Unga Limited, hasa na wenye Subaru, Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) na Toyota Supra. Linaniuma, kwa sababu watu wanatoa mamilioni kwa kuamini herufi moja au stika. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Namba fupi ya chesisi ni gari la magumashi"

Hapana. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17. Yana msimbo wa bodi, kistari, kisha namba ya mfululizo: GC8 kwa Impreza ya kizazi cha kwanza, CP9A au CT9A kwa Lancer Evolution, JZA80 kwa Supra ya miaka ya tisini. Mfumo wa 17 ulianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1981, ukasambaa, lakini Wajapani kwa soko lao waliendelea na wa kwao.

Chukua Evo VIII. Iliyokwenda Marekani ina namba 17 zinazoanza na JA3. Nduguye aliyebaki Japani ameandikwa CT9A na namba chache tu. Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja cha Mitsubishi, Mizushima, mjini Kurashiki, mkoa wa Okayama. Kwa hiyo ile fupi haikuambii kiwanda hata uikodolee macho hadi usiku. Inakuambia ni modeli gani, na modeli ndiyo inayokupeleka kwenye kiwanda.

Kwenye zile za 17 kuna jambo moja la kushika: herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukikuta O imegongwa kwenye bodi, simamisha malipo kwanza.

"Herufi ya kwanza ndiyo nchi lilikounganishwa"

Hii ndiyo imeota mizizi zaidi, kwa sababu mara nyingi inakubali. J ni Japani, Z ni Italia, na Hilux nyingi tunazoziona hapa zinaanza na AHT kwa kuwa zimetoka Toyota ya Afrika Kusini, Durban. Mtu akipatia mara kumi, ya kumi na moja haulizi tena.

Lakini herufi tatu za mwanzo ni kitambulisho cha mtengenezaji. Zinaonyesha alikosajiliwa, na gari linaweza kufungwa boliti nchi nyingine kabisa. Toyota GR Supra iliyoanza kutengenezwa mwaka 2019 ina namba inayoanza na WZ1. W ni Ujerumani. Gari lenyewe liliunganishwa Graz, Austria, katika kiwanda cha Magna Steyr, pamoja na BMW Z4. Mercedes G-Class nayo ni hivyohivyo: herufi ya Kijerumani, lakini imekuwa ikitoka Graz tangu 1979. Mwenye G63, ile G-Class ya nguvu, atakuambia gari lake ni la Affalterbach, Ujerumani, akufunulie boneti uone saini kwenye injini. Saini ni ya kweli. Injini ya V8 ilifungwa Affalterbach na fundi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ikasafirishwa kukutana na bodi Graz.

Anayetaka kiwanda kwenye namba ya 17 aanze na nafasi ya kumi na moja. Watengenezaji wengi huweka hapo msimbo wa kiwanda, ila kila mmoja ana orodha yake, kwa hiyo herufi ya Toyota usiisome kwa orodha ya BMW.

"Nembo ya Toyota, basi kiwanda cha Toyota"

Toyota 86 iliunganishwa na Subaru, mjini Ota, mkoa wa Gunma. Na GR Yaris, ambayo wengi wanadhani ni ya Ufaransa kwa kuwa Yaris za kawaida za Ulaya zinatoka Onnaing, inatoka Motomachi, Japani.

"Gari linaunganishwa sehemu moja"

Hapa nawaomba wasomaji wa Arusha watazame barabarani tu. Land Cruiser ya watalii inashuka bandarini Dar es Salaam ikiwa nzima, namba ya chesisi imegongwa Japani. Ikifika kwetu inakatwa katikati, inarefushwa, inawekewa viti na paa la kunyanyuka. Namba ya chesisi haijabadilika hata tarakimu moja. Ukimuuliza fundi wa bodi hilo gari liliunganishwa wapi, ana haki ya kusema "na mimi nipo".

Magari machache yenye nguvu yana historia ya namna hiyo. Mercedes 500 E ya miaka ya mwanzo ya tisini ilikuwa pana kiasi kwamba haikupita kwenye laini ya kawaida ya kuunganishia ndugu zake wa W124. Kazi wakapewa Porsche. Bodi iliungwa Zuffenhausen kwa Porsche, ikapelekwa Sindelfingen kwa Mercedes kupakwa rangi, ikarudi Zuffenhausen kufungwa injini na vingine, kisha Sindelfingen tena kukaguliwa na kukabidhiwa kwa mteja. Zilitengenezwa 10,479 kwa mzunguko huo. Nembo ya Mercedes, namba ya Mercedes, mikono ya Porsche. Ukijibu kwa jina moja la mji, umeacha nusu ya kazi.

Na Prodrive? Hapo uvumi wa kijana wangu ulikuwa na chembe ya ukweli. Magari ya mashindano ya dunia ya Subaru yaliundwa na Prodrive, Banbury, Uingereza, likiwemo lile alilolishindia Colin McRae Safari Rally mwaka 1997. Pia kulikuwa na Impreza P1, magari 1,000 ya miaka 2000 na 2001, yaliyotoka Japani yakamaliziwa na Prodrive. Lakini 22B ya mwaka 1998 ilitengenezwa Japani na Fuji Heavy Industries, kampuni ambayo leo inaitwa Subaru. Zile 400 ziliuzwa hukohuko Japani. Nyingine chache mno, nje ya hizo 400, zilipelekwa Uingereza, 16, na Prodrive walizifanyia marekebisho ya kufaa sheria za kule.

"Hati ya kutoka Japani inatosha"

Haitoshi. Inaonyesha gari lilisajiliwa Japani na lini kwa mara ya kwanza. Hata BMW iliyotumika Yokohama inayo.

"Kibati cha namba hakidanganyi"

Turudi kwa kijana. Karibu na gia kulikuwa na kibati kinang'aa chenye namba kati ya 400. Nikafungua boneti. Namba ya chesisi kwenye GC8 imegongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na kabini. Ilikuwa imejaa grisi na vumbi letu hili jekundu, nikalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi herufi zikatokea moja moja, nikapitisha ukucha kila tarakimu. Zilikuwa sawasawa, kina kimoja, hakuna alama ya grainda, na zililingana na kadi.

Kibati cha modeli pembeni ya shokapu kilikuwa cha asili, na msimbo wake haukuwa wa 22B. Injini ilikuwa EJ20. Ya 22B ni EJ22, cc 2,212. Injini hubadilishwa, kwa hiyo hiyo peke yake nisingeitumia kuhukumu. Nikapitisha sumaku kwenye madigadi ya nyuma. Ikashika juu, ikateleza chini, pale pote palipovimba. Puti na faiba.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "gari lako ni la Japani kweli, Impreza halali, chesisi safi. Halijawahi kuwa 22B."

Alinyamaza muda. Kisha akaomba bisibisi, akang'oa kile kibati karibu na gia, akakitia mfukoni, akaniuliza madigadi ya asili yanaweza kupatikana kwa shilingi ngapi.