Kwa nini mwandishi yule yule aliwasifu na kuwatukana wahenga wetu?

Al-Masudi, mwandishi na msafiri mzaliwa wa Baghdad, aliijua bahari yetu. Safari yake ya mwisho huku ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917, akitoka kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi wanadhani ni Pemba, kurudi Oman.

Aliwaandika watu wa pwani, Wazanji, kwa undani. Anasema walipanda ng'ombe waliotandikwa na kutiwa lijamu kama farasi, wakaenda nao vitani. Walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu. Pembe za ndovu zilisafirishwa hadi Oman, kisha Bara Hindi na China. Mfalme akidhulumu aliuawa, na kizazi chake kikanyimwa ufalme. Tena walikuwa wasemaji fasaha: mcha Mungu angesimama mbele ya umati akawahutubia kwa lugha yao.

Cheo cha mfalme huyo kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala nyingine zinasomeka "waqlimi", nyingine "waflimi". Tofauti ni nukta moja: qaf ina mbili, fa ina moja. Isome kwa fa, usikie "wafalme". Kila nikifika hapo husita kidogo, maana ni neno letu lililoingia sikioni mwa mgeni zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Lakini katika maandishi yake hayo hayo al-Masudi anamnukuu Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, kwamba watu weusi wana uchangamfu mwingi kwa sababu ya udhaifu wa ubongo. Mtu aliyesifu hotuba zile aliwezaje kuandika hivi?

Ni kwa sababu alikuwa na vyanzo viwili. Kimoja ni macho yake na mazungumzo ya mabaharia. Kingine ni vitabu vya wakale, ambavyo mwanachuoni wa zama zile aliona vigumu kuvipinga. Vitabu hivyo viligawa dunia katika kanda saba za hali ya hewa. Ukanda wa kati ndio uliozaa watu wenye akili timamu, na mwandishi kwa kawaida alijikuta anaishi hapo hapo kati. Kaskazini nako hakukusalimika: al-Masudi aliandika kwamba baridi imewapa Wafaranki na Waslavi wa Ulaya miili mikubwa, akili nzito na ndimi nzito.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, katika kitabu chake Muqaddima cha mwaka 1377, alimkosoa al-Masudi waziwazi: kwenye suala la ubongo amenakili tu maneno ya Galen na ya mwanafalsafa wa Kiarabu al-Kindi, bila hoja wala ushahidi. Alikataa pia hadithi kwamba weusi ni laana ya Hamu mwana wa Nuhu. Hata hivyo naye alizing'ang'ania kanda zile saba, akaandika kwamba watu wa kusini ya mbali wanakaribia wanyama. Inauma kuisoma kwa mtu mwenye akili kali namna ile.

Sasa msome Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Hapo hana nadharia, ana macho tu. Anaeleza kwamba watu walitembea pekupeku, na msikitini palikuwa na kisima kidogo. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, kama kata ya bibi yako. Mtu aliosha miguu, akaifuta kwenye mkeka mnene mlangoni, ndipo akaingia.